Shahada ya Historia na Kazi Inayotokana Nayo

Mzazi amwonapo kijana wake akiomba nafasi katika Chuo Kikuu, swali lake la kwanza aghalabu huwa moja: masomo hayo yatampa kazi gani? Akitajiwa utabibu, sheria au uhandisi, huridhika, kwa kuwa jina la somo na jina la kazi karibu ni kitu kimoja. Akitajiwa historia, hushtuka. Swali hilo si la ujinga, wala halifai kujibiwa kwa maneno matamu juu ya hekima ya wahenga. Mtu aliyeuza ng'ombe ili alipe ada ana haki ya kujua anunuacho. Makala haya yakusudia kueleza shahada ya historia ni kitu gani, humpa mtu ufundi gani, na ufundi huo umepata kutumika wapi katika Afrika ya Mashariki. Kisha itaelezwa kwamba thamani yake hupunguzwa na jambo moja ambalo si kosa la historia yenyewe, nalo ni lugha ambayo kwayo somo hilo hufundishwa.

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Historia ni neno geni katika Kiswahili. Asili yake ya mbali ni Kiyunani, na katika lugha hiyo maana yake ilikuwa kuuliza na kuchungua, pamoja na maarifa yapatikanayo baada ya kuuliza. Waswahili wa zamani hawakuwa na haja nalo, kwani walikuwa na maneno yao mawili, yote yaliyotoka katika Kiarabu: tarehe na habari. Tarehe ilikuwa kumbukumbu ya miaka na ya watawala waliofuatana. Leo neno hilo limepungukiwa na maana hata limebaki kutaja siku ya mwezi tu. Habari lilikuwa pana zaidi. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy alipoandika juu ya watawala wa Usambara, kitabu chake kiliitwa Habari za Wakilindi. Na habari, kwa desturi ya pwani, haiendi peke yake, ina aliyeichukua. Atoaye habari huulizwa ameipata kwa nani, na huyo naye aliipata kwa nani, na kama alikuwapo au alisikia. Basi katika maneno hayo mawili ya kale imo karibu kazi yote ya msomi wa historia: kuyapanga mambo kwa miaka yake, na kumhoji mchukuzi wa habari. Kijana adhaniaye kwamba historia ni kukariri miaka ameshika nusu ya jambo, tena nusu iliyo nyepesi.

Kwa muda mrefu hata nusu hiyo nyepesi haikuwa ya kwao. Makerere ilipofungamana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, wanafunzi wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Unguja walitahiniwa kwa mitihani iliyoelekea zaidi Ulaya na dola ya Kiingereza. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa Oxford, bado aliweza kusema hadharani kwamba katika Afrika hakuna historia ila ile ya Wazungu waliofika huko, na kwamba yaliyosalia ni giza. Mwaka uliofuata, yaani 1964, idara ya historia ilianza kazi katika chuo cha Dar es Salaam, chini ya Profesa Terence Ranger, aliyekuwa amefukuzwa Rhodesia. Wakaja akina Isaria Kimambo, Arnold Temu, John Iliffe na Walter Rodney. Mwaka 1969 Kimambo na Temu walihariri kitabu juu ya historia ya Tanzania, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa mikononi mwa kila mwanafunzi wa somo hilo. Huko Kenya, Bethwell Ogot alikuwa amekwisha kuonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya Wajaluo, kwamba masimulizi ya wazee yaweza kupimwa na kupangwa mpaka yatoe tarehe ya karne kadhaa.

Namna ufundi huo ulivyofundishwa yaonekana vizuri zaidi katika kazi moja, nayo ni uchunguzi wa Vita vya Maji Maji. Mwaka 1968 wanafunzi wa idara ya Dar es Salaam walipelekwa wilayani kuwahoji wazee walioviona vita hivyo au waliosimuliwa na wazazi wao. Wakati ulikuwa unakwisha. Mtoto wa miaka 10 pale wakulima wa Nandete, katika nchi ya Wamatumbi, walipong'oa pamba mwezi Julai 1905, alikuwa sasa na miaka 73. Wengine walikuwa wamekufa na habari zao.

Mwanafunzi aliyerudi na daftari lake lililojaa alikuwa na mashahidi wa namna tatu. Upande mmoja kulikuwa na wazee, ambao kila mmoja alieleza aliyoyaona katika kijiji chake: pamba ya kulazimishwa, kodi, viboko vya akida, maji ya dawa yaliyotoka kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Upande wa pili kulikuwa na maandishi ya Wajerumani, pamoja na kitabu cha Gavana von Götzen cha mwaka 1909, kilichotia mkazo sana juu ya uganga na kidogo juu ya pamba. Katikati palikuwa na maandishi ya Waswahili wenyewe, kama utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya vita hivyo, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na jarida la Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Mashahidi hawa hawakubaliani. Mzee hukumbuka kwa kadiri ya mambo yaliyompata baadaye. Gavana huandika kwa kujitetea mbele ya wakubwa wake wa Berlin. Mtunzi hufuata mizani na vina, tena ana hadhira yake. Kazi ya mwanafunzi haikuwa kuchagua ampendaye. Ilikuwa kumwuliza kila mmoja maswali yanayomfaa, na kuandika mwishoni jambo ambalo mtu mwingine, akizisoma karatasi zile zile, ataweza kulikagua.

Hata hesabu ya waliokufa ni somo zima. Wajerumani walitaja watu 75,000. Gilbert Gwassa, aliyeifanya kazi ya Maji Maji kuwa uchunguzi wake wa udaktari, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mwanafunzi mvivu huchukua idadi moja na kuiacha nyingine, kwa kufuata moyo wake. Aliyefundishwa huuliza nani alihesabu, lini, aliweza kufika wapi, na njaa iliyofuata vita imehesabiwaje. Tena yafaa kusema kwamba uchunguzi ule haukuwafurahisha wote waliotaka hadithi nyepesi ya taifa moja lililosimama kwa pamoja. Ulionyesha kwamba sababu za kupigana zilikuwa mbalimbali kwa mahali na mahali, na kwamba wako waliokataa kupigana kwa sababu zao zenye maana. Kukubali jambo lisilopendeza kwa kuwa ushahidi umelileta ni tabia ambayo haipatikani kwa kukariri, na pengine ndiyo iliyo ghali kuliko zote zitolewazo na shahada hii.

Kutokana na hayo mtu aweza kuona ni nini anachokinunua mzazi. Mwenye benki hatamwuliza kijana habari za Kinjikitile. Lakini atampa jalada la kurasa 200, lenye barua zinazopingana, amwambie alete kesho kurasa 2 zinazosema ukweli uko wapi na wapi pana shaka. Hakimu, mhariri wa gazeti, afisa wa wilaya na balozi, wote wana jalada hilo mezani. Aliyefundishwa historia sawasawa amelifanya zoezi hilo kwa miaka 3, tena mbele ya mwalimu asiyesamehe sentensi isiyo na ushahidi. Aliyefundishwa vibaya hana kitu. Ambaye miaka yake 3 imepita katika kunakili yale ambayo wanafunzi wa Tanzania huyaita madesa, na kuyamwaga katika karatasi ya mtihani, amenunua cheti bila ufundi, na hasira ya mzazi wake ni ya haki kabisa. Ikumbukwe kwamba jambo hilo huwapata wa masomo yote. Ila mhandisi asiyejua kazi hujulikana daraja linapoanguka, na msomi wa historia asiyejua kazi aweza kuishi miaka mingi bila kugunduliwa.

Wengi wa wahitimu wa historia wamekuwa walimu. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyepata shahada ya Edinburgh mwaka 1952 baada ya kusoma, pamoja na masomo mengine, historia ya Uingereza na historia ya uchumi, alirudi akafundisha historia katika shule ya Pugu, mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 ili kuishughulikia TANU. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru njia hiyo ilikuwa pana, kwa kuwa shule zilikuwa na njaa ya walimu. Leo sivyo. Serikali, inapoajiri walimu, hutanguliza sana wa sayansi na hisabati, na wahitimu wengi wa masomo ya sanaa hukaa miaka wakingoja. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, nayo imekuwa na orodha ya masomo yatangulizwayo, na historia haikuwa mbele katika orodha hiyo. Kumficha kijana mambo haya ni kumdanganya. Wako pia waliokwenda katika mambo ya nje, magazeti, redio, maktaba na utalii. Na wako waliopanda vyeo vya juu vya elimu, kama marehemu Profesa Kimambo aliyekuwa Mkuu wa Taaluma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na marehemu Profesa Ogot aliyehariri buku la tano la historia ya Afrika lililotolewa na UNESCO, na ambaye baadaye alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Moi. Lakini mifano ya wakubwa haimsaidii sana kijana wa kawaida. Yafaa zaidi kutazama mahali ambapo ufundi wenyewe ulihitajika, na hapana kingine kilichoweza kushika nafasi yake.

Mahali pa kwanza ni mahakamani. Mwezi Juni 2009 wazee watano wa Kenya walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London, wakiidai serikali ya Uingereza fidia kwa mateso waliyotendewa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Serikali ilijibu kwa hoja mbili: kwanza, kwamba dhima yote ilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru, mwaka 1963, pili, kwamba muda wa kushitaki umepita, na mashahidi wengi wamekufa. Mbele ya hoja ya pili wakili peke yake ni dhaifu. Waliohitajika walikuwa wanahistoria, na walikuwapo watatu: David Anderson na Caroline Elkins, ambao kila mmoja alikuwa ametoa kitabu juu ya vita vya Mau Mau mwaka 2005, pamoja na Huw Bennett.

Elkins alikuwa ameshutumiwa na wenzake kwamba ameegemea mno kumbukumbu za wazee. Anderson, kwa upande wake, alikuwa akijua jambo ambalo ni mtu aliyezoea hifadhi za nyaraka tu awezaye kulijua: si yaliyomo, bali yaliyokosekana. Majalada yaliyotajwa katika majalada mengine hayakuonekana Nairobi wala London. Kenya ilikuwa imeomba nyaraka zake zirudishwe tangu miaka ya 1960, ikakataliwa. Mwishoni mwa mwaka 2010 Anderson aliieleza mahakama kwamba nyaraka hizo ziliondolewa Kenya kabla ya uhuru, na kwamba lazima ziko mahali. Mapema mwaka 2011 serikali ilikiri. Majalada kiasi cha 1,500 ya Kenya yalikuwa katika jumba la serikali liitwalo Hanslope Park, pamoja na maelfu mengine kutoka makoloni 37. Yote pamoja yalikuwa karibu 8,800. Yaliposomwa, mengi ya yale yaliyosemwa na wazee yalionekana humo, yameandikwa na maofisa wenyewe.

Jaji McCombe alikuwa ameikataa hoja ya kwanza ya serikali mwezi Julai 2011. Mwezi Oktoba 2012 aliikataa na ya pili, kwa maelezo kwamba nyaraka zilizobaki ni nyingi kiasi cha kuwezesha hukumu ya haki, ijapokuwa miaka zaidi ya 50 imepita. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza Bungeni masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 na gharama za kesi. Fedha hizo, zikigawanywa, si nyingi kwa mtu aliyevunjwa mwili. Ila kwa anayeuliza shahada ya historia ina faida gani, jawabu hapa lina sahihi ya jaji.

Mahali pa pili ni katika makumbusho. Wakati wa utawala wa Kijerumani vitu vingi vilichukuliwa, na miili ya watu pia. Katika Berlin kulibaki mafuvu ya vichwa zaidi ya 1,000 yaliyotoka Afrika ya Mashariki, mengi yao kutoka Rwanda. Kuyarudisha si kufunga sanduku na kuliweka melini. Kwanza lazima ijulikane kila fuvu lilitoka wapi na kwa njia gani, na ujuzi huo umo katika orodha za Kijerumani zilizoandikwa kwa mkono, zenye majina ya mahali yaliyoharibiwa tahajia, na katika kumbukumbu za vijiji vilivyotajwa. Wanahistoria wa Ujerumani na wa Rwanda walifanya kazi hiyo kwa miaka. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba uliwapata nchini Tanzania jamaa walio hai wa baadhi ya wafu hao; mmoja wa wafu ametambuliwa kuwa mshauri wa Mangi Meli wa Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Mwezi Novemba mwaka huo huo Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha kwa mambo ya Maji Maji. Kazi ya namna hii itaendelea kwa muda mrefu, nayo yahitaji watu wa Moshi na wa Songea wenye kusoma hati za Kijerumani, kwa maana asiyejua jina la kilima hawezi kulitambua limekosewa herufi.

Hapa ndipo inapokuja habari ya lugha, ambayo wengi huiona kuwa jambo la pembeni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na idara ya Kiswahili ifundishayo kwa Kiswahili tangu mwaka 1970. Historia imeendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huhoji kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine, na katikati ya lugha hizo mbili ushahidi huvuja. Mzee wa Umatumbi alisema vita. Serikali ya Wajerumani iliandika uasi, neno ambalo limekwisha kuhukumu kabla ya kesi kusikilizwa, kwa kuwa huasi ni yule tu aliyekuwa raia halali wa mtawala. Mwanafunzi aandikaye kwa Kiingereza hukuta neno la serikali ndilo lililo tayari kitabuni, akalitumia bila kuona kwamba ameingia upande mmoja. Angaliandika kwa Kiswahili, neno la mzee lingalikuwa limemsubiri mlangoni.

Tena lugha si chombo cha kuandikia tu. Ni shahidi yenyewe. Maneno meza, leso, mvinyo na karata yaeleza habari za Wareno pwani, na neno gereza, lililotoka katika jina la Kireno la kanisa, lasema zaidi kuliko ukurasa mzima wa kitabu. Mwaka 1985 Derek Nurse, mtaalamu wa lugha, na Thomas Spear, mtaalamu wa historia, walitoa kitabu cha pamoja kilichofuata chimbuko la Waswahili kutoka mwaka 800 hadi 1500. Walionyesha kwa sauti na misamiati ya lugha kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kimijikenda na Kipokomo, wala si mtoto wa Kiarabu. Hiyo ilikuwa kazi ya historia, lakini nusu ya ushahidi wake umo midomoni mwa watu. Mwanafunzi wa historia ambaye hakufundishwa kusikiliza lugha amekatwa sikio moja.

Na kuna hasara iliyo kubwa zaidi. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu kwa ajili ya maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Mingi ya miswada ya Kiswahili imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Barua nyingi za wafanyabiashara, makadhi na maliwali wa karne ya 19 nazo ni za herufi hizo. Kuzisoma si kazi ya ajabu; mtoto aliyehitimu chuo cha Kurani anazijua herufi zenyewe, na linalobaki ni kuzoea jinsi waandishi walivyozitumia kwa sauti za Kiswahili zisizokuwamo katika Kiarabu. Hata hivyo kijana aweza kumaliza shahada ya historia katika nchi za pwani hii bila kufundishwa kuusoma hata ukurasa mmoja wa namna hiyo. Kisha huambiwa kwamba hakuna kazi. Kazi ipo, imelala katika makabati.

Jambo jipya limetokea Tanzania ambalo lawagusa wahitimu hawa moja kwa moja. Mitaala iliyotolewa mwaka 2023 imeleta shuleni somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na imeamuliwa kwamba lifundishwe kwa Kiswahili, hata katika shule za sekondari ambazo masomo mengine hufundishwa kwa Kiingereza. Watu wamejadili sana neno la mwisho katika jina la somo, kama maadili na historia vyafaa kuwekwa katika chungu kimoja. Shaka yao si ndogo, maana msomi aliyeagizwa mapema atoe funzo jema hushawishika kuyaacha yale yasiyopendeza, kama habari za waliokataa kupigana Maji Maji. Lakini kwa upande wa kazi, uamuzi huu umefungua mlango uliokuwa umefungwa. Watahitajika walimu, waandishi wa vitabu, wahariri na watunga mitihani wawezao kuieleza historia kwa Kiswahili kilicho sahihi; na waliosoma historia yote kwa Kiingereza watakuta kwamba kutafsiri daftari zao hakutoshi.

Neno moja laweza kuonyesha ugumu wenyewe. Vitabu vya Kiingereza huwaita watawala wote wa kale wa nchi hii kwa jina moja, na mwalimu asiye na muda atalitafsiri kwa neno chifu, ambalo ni lile lile la Kiingereza lililovaa kanzu. Lakini mangi wa Uchaga, mtemi wa Unyamwezi, zumbe wa Usambara na mwinyi wa mji wa pwani hawakuwa watu wa namna moja. Mtemi hutajwa pamoja na kutema, yaani kufyeka msitu na kuanzisha makazi. Mwinyi alikuwa mwenye mji kati ya wenye mji wenziwe, na cheo chake kilitegemea karamu na ukoo kuliko askari. Jumbe ana habari ya peke yake. Pwani lilikuwa jina la heshima la zamani; Wajerumani wakalichukua, wakampa mtu waliyemweka wenyewe kijijini akusanye kodi chini ya akida. Mzee asemapo kwamba jumbe alitupiga, na mwingine asemapo kwamba jumbe alituamua, pengine hawapingani hata kidogo. Wanataja watu wawili wa nyakati mbili kwa neno moja. Mwalimu wa kidato cha kwanza ambaye hakuambiwa hayo chuoni hawezi kumweleza mtoto kwa nini, mwaka 1905, baadhi ya majumbe waliongoza vita na baadhi yao walikuwa wa kwanza kuuawa.